Kofia za Chuma za Vitani, na Jinsi ya Kuzitambua

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, askari wa miguu wa Ulaya walikwenda vitani wamevaa kofia za kitambaa, na Wajerumani kofia za ngozi zenye ncha juu. Vipande vya makombora ya mizinga vikawapasua vichwa kwa maelfu. Ndipo mwaka 1915 Wafaransa wakatoa kofia ya chuma iitwayo Adrian, na Waingereza wakatoa ya Bwana John Brodie. Wajerumani wakafuata mwaka 1916. Tangu hapo zimetengenezwa mamilioni kwa mamilioni, na siku hizi wako watu wengi wanaozikusanya na kuzinunua kwa fedha nyingi. Wajanja nao wamelijua jambo hilo.

Jambo la kwanza la kutazama ni umbo. Ya Kiingereza ni bapa, mfano wa bakuli lililofudikizwa. Ya Kifaransa ina upanga mwembamba juu ya utosi kama wa jogoo, na nembo mbele. Ya Kijerumani hushuka hata ikafunika masikio na shingo. Ile ya mwaka 1916 ina vipembe viwili ubavuni, vyenye matundu ya hewa, navyo ndivyo vilivyoshika bamba zito la kukinga paji la uso. Bamba hilo lilikuwa zito mno, na askari wachache tu walilitumia.

Lakini umbo huigwa kwa urahisi. Kwa kofia ya Kiingereza iko njia nzuri zaidi, nayo ni sumaku. Chuma chake ni feleji ya manganizi, iliyobuniwa na Bwana Robert Hadfield wa Sheffield, na ajabu ya feleji hiyo ni kwamba haivutwi na sumaku. Basi mtu akiletewa kofia inayosifiwa kuwa ya mstari wa mbele, na sumaku ikaganda juu yake, na ashuke bei au aondoke. Pengine si ya bandia, bali ni ile ya chuma hafifu waliyopewa raia wa Uingereza katika vita vya 1939 hadi 1945, kujikinga na vitu vilivyoanguka wakati wa mabomu. Hizo zilitobolewa vitundu katika ukingo, ziwe alama ya kwamba hazifai vitani. Muuzaji asiye mwaminifu huviziba na kupaka rangi mpya. Kwa hiyo ukingo upapaswe vizuri kwa kidole.

Kofia ya Kiamerika, iitwayo M1, iliyokubaliwa mwaka 1941, nayo ni ya feleji hiyo hiyo. Nakala nyingi zilizofanywa Ulaya baada ya vita hushikwa na sumaku. Tena, zile za mwanzo zina vishikizo vya ukanda vilivyochomelewa visigeuke, na maungio ya ukingo yako mbele. Za baadaye vishikizo hugeuka, na maungio yako nyuma.

Za Kijerumani ndizo zenye hatari kubwa ya kudanganywa, maana ndizo ghali. Ya mwaka 1935 ina ukingo uliokunjwa ndani na pete za matundu ya hewa zilizotiwa mbali. Ya 1940 matundu yamepigwa katika chuma chenyewe. Ya 1942 ukingo wake haukukunjwa. Ndani zimepigwa chapa ya herufi za kiwanda na namba ya kipimo. Ujanja mwingi uko katika nembo za ubavuni: kofia ya kweli, isiyo na nembo, hubandikwa mpya, ikachakazwa, na bei ikapanda mara nyingi.

Mnunuzi asinunue hadithi. Askari wa King's African Rifles walipigana Habeshi mwaka 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944, na katika picha za Burma wengi wao wamevaa kofia ya pama. Adui wa Burma alikuwa Mjapani, ambaye kofia yake ya jeshi la nchi kavu ina nyota mbele. Mtu akileta kofia ya Kijerumani na kusema babu yake aliiokota Burma, kofia huenda ni ya kweli, lakini maneno yake yana walakini.

Kofia ikishapatikana, isisuguliwe kwa msasa wala kupakwa rangi, maana rangi ya zamani ndiyo ushahidi wake. Bitana nayo isichokorwe ovyo: mwaka 2014 shule za Uingereza zilionywa kwamba bitana ya kofia za Brodie za vita vya kwanza yaweza kuwa na asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Yafaa itiwe ndani ya mfuko uliofungwa au sanduku la kioo. Likionekana ndani jina la askari au namba yake, hata kama limefifia, liandikwe katika daftari pamoja na mahali kofia ilikopatikana, kabla halijafutika kabisa.