KUMLAKI BWANA AJAYE
Fundisho la Kurudi kwa Kristo katika Sharika za Kinondoni na Temeke

Utangulizi

Kila Jumapili waumini wetu hukiri kwa kinywa kimoja kwamba Kristo atakuja kuwahukumu walio hai na wafu. Hata hivyo, fundisho hilo halisikiki mara nyingi mimbarani mwetu, ila katika majuma machache ya Majilio. Muda uliobaki twawaachia wahubiri wa viwanjani, ambao wengine wao hulihubiri kwa hofu na kwa tarehe. Basi mzazi wa Mbagala au Tandale auliziapo kama yafaa kuendelea kulipa ada ya shule ikiwa mwisho u karibu, anauliza swali la kitheolojia, naye anastahili kujibiwa na kanisa lake. Makala hii yakusudia kuwasaidia watumishi kulijibu.

Hatari ya fundisho lililoachwa

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea kanisani, wafuasi wa kundi lililokuwa limetazamia mwisho wa dunia mwaka 1999 ukiisha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Iliripotiwa kwamba watu walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Shakahola ni pwani hii hii yetu, na lugha ya huko ni yetu. Tusidhani, basi, kwamba washarika wetu wana kinga.

Maandiko yasemavyo

Thesalonike ndiyo shule yetu. Mnamo mwaka 50 baada ya Kristo, Paulo aliliandikia kanisa lililokuwa likiomboleza. Baadhi ya ndugu walikuwa wamekufa kabla Bwana hajarudi, nao waliobaki wakahofu kwamba wafu wao wamepoteza fungu lao. Jibu la Paulo (1 Thes. 4:13-18) ni neno la kufariji matangani: wafu katika Kristo watafufuliwa kwanza, ndipo wote pamoja watamlaki Bwana. Mwisho wa fungu hilo aagiza wafarijiane. Mahubiri ya kurudi kwa Kristo yanayomwacha mfiwa bila faraja yamekwisha kulipotosha fungu hili.

Neno "kumlaki" latufaa sana. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walichagua neno ambalo watu wa pwani walitumia kwa kutoka nje kumpokea mgeni wa heshima. Neno la Kiyunani lililo nyuma yake, apantesis, limetumika pia kwa wanawali waliotoka kwenda kumpokea bwana arusi (Mt. 25:6), na kwa ndugu wa Rumi waliomwendea Paulo hadi Soko la Apio (Mdo. 28:15). Ndugu hao hawakuuhama mji wao. Walitoka ili waingie tena pamoja na mgeni wao. Anayemngoja mgeni wa namna hiyo hufagia ua na kuandaa chakula. Hauzi nyumba.

Ndiyo sababu Wathesalonike hao hao waliambiwa wasifadhaishwe na wasemao kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika (2 Thes. 2:2), na wasiofanya kazi wakaagizwa wafanye kazi kwa utulivu (3:6-12). Kuhusu tarehe, Bwana mwenyewe amefunga mlango: saa hiyo aijua Baba peke yake (Mt. 24:36).

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 17, lasimama hapo hapo. Lakiri kurudi kwa Kristo, ufufuo na hukumu, tena lakataa mafundisho kwamba kabla ya ufufuo watauwa watautawala ulimwengu. Halitoi hesabu ya miaka.

Katika siku ya msiba

Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi huko Mbagala. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengi walikimbia wasijue waendako. Ni rahisi, katika mshindo kama huo, mtu kuamini kwamba siku ile imefika. Lakini Kristo aliyetaja vita na matetemeko alisema pia kwamba hayo ni mwanzo wa utungu (Mt. 24:6-8). Siku kama hiyo kazi ya mchungaji ni kusaidia kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao, kuzika wafu na kukaa na wafiwa. Hayo nayo ni kumngoja Bwana, kwa maana katika Mathayo 25:31-46 Hakimu awauliza watu juu ya mwenye njaa, mgeni na mgonjwa.

Hitimisho

Twawasihi watumishi wenzetu mambo matatu. Kwanza, fundisho hili lifundishwe mwaka mzima, hasa katika darasa la kipaimara na mazishini. Pili, kila atajaye tarehe akataliwe waziwazi, hata akiwa rafiki wa usharika. Tatu, mzazi wa Mbagala aambiwe bila kusitasita alipe ada. Ajaye kuhukumu ndiye yule aliyesulubiwa kwa ajili yetu. Tukimjua hivyo, twaweza kuomba aje upesi, na kesho yake asubuhi tukaenda kazini.