Goma: Mafuta ya vidanje si dawa ya mbwa mwenye upele

Mjini Goma, mbwa akianza kupoteza manyoya na kujikuna usiku kucha, watu wa parsele hawamfikirii kwanza munganga wa wanyama. Mtoto anatumwa kwenye garaji ya karibu, anarudi na chupa ya vidanje, yale mafuta meusi yanayotolewa ndani ya injini, na mbwa anapakwa kuanzia shingo mpaka mkia. Siku mbili tatu anaonekana ametulia. Kisha ngozi inapasuka, anakataa chakula, na mwenye parsele anasema ugonjwa ulikuwa na nguvu kuliko dawa.

Mara nyingi kilichomzidi ni hiyo dawa yenyewe. Vidanje hubeba mabaki ya injini, yakiwemo madini yenye sumu. Huunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, na kwa kuwa mbwa hujilamba, kilichopakwa mgongoni kinaishia tumboni.

Upele wa mbwa unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huanza kwenye kingo za masikio, kwenye viwiko na chini ya tumbo. Unaambukiza: mbwa mmoja huwapa wenzake wote, na hata watoto wanaocheza naye wanaweza kutokwa na vipele vya kuwasha kwa siku kadhaa. Dawa inayouua ipo, na Wakongomani wengi wameshaimeza wao wenyewe. Ni ivermektini, ile inayogawanywa vijijini kwa jina la Mectizan dhidi ya ugonjwa wa upofu unaoletwa na usubi. Wanaoigawa hupima kwanza urefu wa mtu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge.

Kwa mbwa, kipimo hicho ndicho kinachosahaulika. Chupa ya sindano inayouzwa kwa wafugaji imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe: mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 akichomwa mililita nzima, amepata zaidi ya mara 16 ya kipimo hicho. Anaanza kuyumba, anatetemeka, anaweza kupoteza fahamu na kufa. Mbwa wa jamii ya collie wanaweza kufa hata kwa kiasi ambacho wengine wanavumilia. Kumpima ni rahisi: mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Munganga atahitaji namba hiyo, na atakuambia siku ya kurudia dawa, kwa sababu sindano ya kwanza haiwezi mayai.

Paka mwenye madoa ya mviringo yasiyo na manyoya huenda ana choa, si upele. Hiyo inatoka kwa kuvu, inawashika watoto kichwani, na ina dawa yake tofauti.

Tuje kwenye majeraha. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na tangu lava ya Januari 2002 ipite katikati ya mji, mawe hayo makali yako kwenye njia na kwenye kuta. Nyayo za mbwa zinachanika kila siku. Motari wanawagonga usiku. Lakini jeraha linaloudhi kuliko yote ni lile tunalolitengeneza sisi: kamba au waya uliofungwa shingoni mwa mbwa mdogo ukasahaulika. Shingo inakua, waya haukui, nao unazama ndani ya nyama mpaka harufu itoke. Vidole viwili vinapaswa kupita chini ya kamba, na kwa mbwa anayekua hilo linaangaliwa kila wiki.

Kidonda kipya kinahitaji maji mengi kuliko dawa. Chemsha lita moja ya maji, weka chumvi vijiko viwili vidogo visivyojaa, acha yapoe, kisha mwagia kwa wingi. Kata manyoya ya pembeni. Unga wa kapsuli ya tetra, ambao wengi wanaunyunyiza, unafanya ganda juu huku usaha ukibaki chini. Na petroli juu ya kidonda chenye funza inachoma nyama nzima pamoja na funza, ambao wanakufa na kuozea humo humo. Watolewe kwa kibano, kwa subira.

Kuna pia yule funza anayetufanya tupige pasi mpaka nguo za ndani. Kwa mbwa anaonekana kama jipu lenye tundu dogo. Paka vazelini juu ya tundu, subiri atafute hewa, kisha bana taratibu kutoka pembeni. Asipasukie ndani.

Paka wanaopigana hupata tundu dogo la jino linalofunga haraka, na baada ya siku chache shavu linavimba kwa usaha. Hapo wengine wanampa paracetamol ili kushusha homa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Jeraha la kuumwa na mbwa asiyejulikana ni jambo jingine kabisa. Usiliguse kwa mikono mitupu, kwa sababu mate yanaweza kubeba kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Mfuko wa plastiki mkononi ni afadhali kuliko mkono mtupu. Mbwa wako apelekwe kuchanjwa tena hata kama ana karatasi ya chanjo. Ikiwa mtu ndiye aliyeumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asisubiri. Na mbwa aliyeuma, kama anakamatika, asipigwe mawe: afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima baada ya hapo, waganga wanajua kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile, na wanaweza kusimamisha sindano zilizobaki.