Hesabu ya Form Three kwenye mkopo wako wa simu

Unakumbuka ulimuuliza mwalimu wa hesabu, "Hii itanisaidia wapi?" Itakusaidia hapa.

M-Shwari ilipoanza mwaka wa 2012, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Tutumie kiwango hicho. Tuseme umekopa 4,000 ununue viazi Molo, uuze soko la Wakulima hapa Nakuru.

Ada ya mwezi wa kwanza: 4,000 × 7.5 ÷ 100 = 300. Kwa hivyo utalipa 4,300. Viazi visipokuletea faida ya zaidi ya 300 baada ya nauli na gunia, umefanyia mkopo kazi, si wewe mwenyewe.

Sasa mvua imenyesha, barabara imeharibika, siku 30 zimepita na hujalipa. Wengi wetu huongeza 300 nyingine, tunapata 4,600. Hapo ndipo tunapokosea, na hata kwenye mtihani ungekosa alama. Ada ya pili inahesabiwa kwa deni lote lililobaki, si kwa 4,000 uliyokopa: 4,300 × 7.5 ÷ 100 = 322.50. Deni ni 4,622.50.

Shilingi 22.50 ni kidogo, kweli. Lakini ukilipa 2,000 kabla ya siku ya 30, deni linabaki 2,300, na ada ya pili inashuka hadi 172.50. Umeokoa 150.

Kabla ya kubonyeza "kubali", soma kiwango na ushuru, kisha toa kalkuleta.