Sahani ya Breki: Istilahi Mbili kwa Hatari Mbili

Dereva anayeteremka mlima Kitonga, mkoani Iringa, akikanyaga breki zisishike, husema: "Breki zimekufa." Kwa msemaji wa kawaida kauli hiyo yatosha. Kwa fundi haitoshi, kwani hali mbili zilizo tofauti zimefunikwa kwa neno moja, na kila hali ina tiba yake. Makala haya yanakusudia kuzitenga hali hizo na kuzipendekezea majina.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya sahani. Sahani ya breki ni duara la chuma lizungukalo pamoja na gurudumu. Dereva akanyagapo, pedi huibana pande zote mbili, na msuguano huugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hutoa joto la kilojuli 580 hivi. Likishuka kimo cha mita 500 kwa kutegemea breki tu, joto hilo huweza kukaribia kilojuli 7,400.

Umbo la sahani lina athari kubwa. Sahani ikiwa pana, pedi hubana mbali na kitovu, na nguvu ile ile husimamisha zaidi, kama spana ndefu ifunguavyo nati kwa wepesi. Ikiwa nene, humeza joto jingi kabla ya kupata moto mno. Ikiwa na njia za hewa katikati, huvuta hewa kitovuni na kuitupa ukingoni, ikapoa upesi. Matundu yaliyotobolewa usoni hutoa gesi na maji, lakini hupunguza chuma na huweza kuanzisha nyufa.

Hali ya kwanza hutokea pedi zinapozidi joto: gundi iliyomo huungua, hutoa gesi, na msuguano hupungua. Pedali hubaki ngumu, ila gari halisimami. Hali hii tunapendekeza iitwe mfifio wa breki, kwa kuwa nguvu hupungua kidogo kidogo, na aghalabu hurejea breki zikipoa, kilichokufa hakirejei.

Hali ya pili ni mchemko wa mafuta ya breki. Joto hupenya hadi kwenye mafuta, yakatoa mvuke. Na kwa kuwa mvuke hubanika, pedali huzama. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140.

Basi, mfifio hutibiwa kwa sahani au pedi zilizo bora. Mchemko, kwa mafuta mapya. Fundi abadilishaye pedi na kuyaacha mafuta ya zamani humrudisha dereva mlimani na hatari ile ile. Hali zote mbili huepukwa kwa kuteremka kwa gia ya chini, injini ikisaidia kuzuia mwendo.

Mafundi na walimu wa ufundi wanaombwa watuletee maneno wayatumiayo, ili mapendekezo haya yapimwe kwayo.