Wakulima wa Barbaresco na Divai Yao

Ndugu mkulima, mtu mwenye ekari chache akienda sokoni peke yake, mara nyingi hupewa bei aipendayo mnunuzi. Shida hiyo si yetu tu. Wakulima wa kijiji cha Barbaresco, nchi ya Italia, waliijua sana, na yafaa tujue walivyoishinda.

Kijiji hicho kiko katika jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi ya Italia, karibu na mji wa Alba. Ni nchi ya vilima vilivyopandwa mizabibu. Mzabibu ulio mkuu huko ni Nebbiolo. Huu huwahi kuchipua lakini huchelewa kuiva, na zabibu zake huchumwa mwezi wa Oktoba, wakati ukungu umefunika mabonde. Kwa hiyo hupandwa zaidi kwenye miteremko inayoelekea kusini, kwa kuwa huko Ulaya jua hupita upande huo.

Zabibu za Nebbiolo hutoa divai nyekundu mbili zenye sifa kubwa, yaani Barolo na Barbaresco. Divai hizo zikiwa changa hukausha ulimi, kama chai kali isiyo na maziwa. Ndiyo sababu sheria yaamuru Barbaresco ingojewe miezi 26 kabla ya kuuzwa, na miezi 9 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mti. Barolo hungoja miezi 38.

Zamani zabibu za Barbaresco ziliuzwa zikatengenezwe Barolo, na sifa ikaenda kwa wengine. Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa chuo cha kilimo cha mizabibu huko Alba, alikusanya wenye mashamba tisa wakatengeneza divai pamoja, kwa jina la kijiji chao. Lakini chama hicho kilifungwa wakati wa utawala wa Mafashisti.

Mwaka 1958 padri wa kijiji aliona kwamba wakulima wadogo hawataweza kuishi wakiuza kila mtu peke yake. Akawaita, na watu 19 wakaanzisha chama kiitwacho Produttori del Barbaresco. Hawakuwa na jengo. Divai ya mavuno matatu ya kwanza waliitengeneza katika chumba kilicho chini ya kanisa, kisha wakajenga ng'ambo ya uwanja. Leo chama kina jamaa zaidi ya 50, na mizabibu yao imeenea zaidi ya ekari 240.

Je, kwa nini hakikuvunjika? Kwanza, kila jamaa hubaki na shamba lake na kulitunza mwenyewe. Pili, mwanachama hupeleka Nebbiolo yake yote chamani. Hafichi zilizo nzuri ili amwuzie mchuuzi. Tatu, malipo hufuata uzuri wa zabibu, wala si uzito tu, hata mvivu asile jasho la mwenye bidii. Tena, mwaka mwema zabibu za vilima tisa vilivyo bora hutengenezwa mbali mbali, na jina la kilima huandikwa kwenye chupa. Mwaka mbaya zote huchanganywa pamoja, ili divai ya kawaida isipungue uzuri.

Basi, wewe upelekaye maziwa au kahawa chamani, fikiri jambo hili. Ukitia maji katika maziwa yako, au ukiuza mazao mema kando kando usiku, unaharibu jina ambalo jirani yako pia anakula kwalo. Watu wa Barbaresco walianza na chumba cha kuazima, lakini walikuwa na kanuni, nao wakazishika.