Haro na Mabua: Chombo Kijisafishe Chenyewe

Yako mambo ya kilimo yazungumzwayo mchana na usiku: mbolea, mbegu, bei ya mazao, barabara za kupitishia mavuno. Yote hayo yastahili kuzungumzwa. Lakini liko jambo moja ambalo twaona halijapata nafasi yake, nalo ni haro. Watu wengi wanaolijua trekta kwa kuliona likipita barabarani hudhani kwamba kazi yote ya kutayarisha shamba hufanywa na plau, na kwamba haro ni chombo cha kuvunja madongoa tu. Mkulima na dereva wa trekta wajua zaidi. Wajua kwamba haro ndiyo imaliziayo mahali pa kupandia mbegu, na wajua pia kwamba hakuna chombo kiudhicho kama haro iliyojaa mabua.

Kwa ajili ya wasomaji wetu wafanyao kazi viwandani na bandarini, ambao huenda hawajakisogelea chombo hiki, na tukieleze. Haro itumiwayo sana na matrekta ni ile ya sahani, ambazo mafundi wengi huziita diski. Sahani hizo ni za chuma cha pua, za duara, zimebonyea katikati kama bakuli, nazo hupangwa safu moja katika mhimili mmoja. Baina ya sahani na sahani hutiwa kipande cha chuma cha kuzitenganisha. Safu ya mbele haikabili mwendo wa trekta sawasawa bali huwekwa mshazari. Safu ya nyuma huwekwa mshazari wa upande wa pili. Ile ya mbele hutupa udongo upande mmoja, nayo ya nyuma huurudisha. Kwa kuwa sahani zimekaa mshazari, haziviringiki bure kama gurudumu, bali huukata udongo, huunyanyua na kuupindua.

Hapo ndipo shida izaliwapo. Bua la mahindi likikutana na sahani kali, lakatika. Likikutana na sahani butu, lasukumwa, lakunjwa, lakokotwa. Bua moja si kitu. Lakini likikwama la kwanza, la pili hushikwa na la kwanza, la tatu na la pili, kisha udongo wenye maji huja ukajaza kila tundu lililosalia, na mwisho safu nzima huwa kama gogo moja la matope na majani, lisilokata wala kupindua kitu, liviringikalo tu juu ya ardhi. Dereva asiyegeuza shingo huweza kwenda hivyo hatua mia mbili, mafuta yanaungua na shamba liko vile vile.

Na tufanye hesabu. Eka moja ina mita za eneo 4,047 hivi. Haro yenye upana wa mita 2 yapasa kukokotwa mita 2,000 na ushei ili kuimaliza eka hiyo, na trekta likienda kilomita 6 kwa saa, kazi hiyo ni ya dakika 20. Sasa haro na izibe kila baada ya mita 400, na dereva ashuke mara 5, akitumia dakika 5 kila mara kuchokoa uchafu. Dakika 25 zimekwenda, yaani nyingi kuliko zile za kazi yenyewe. Mwenye trekta la kukodisha anajua maana yake, na mwenye shamba angojaye zamu yake, huku mawingu ya mvua ya kwanza yamekwisha kujikusanya, anajua zaidi.

Walakini muda na mafuta si hasara kubwa kuliko zote. Mtu ashukaye mara 5 katika eka moja huchoka kuzima injini mara 5. Huiacha ikinguruma, huinua haro kwa mikono ya haidroliki, kisha huingia chini na kuvuta mabua kwa vidole vyake. Chombo hicho kina uzito wa mamia ya kilo na makali pande zote, nacho kimeshikiliwa na mafuta yaliyo ndani ya mpira na silinda. Mpira ukipasuka, au mtoto aliyeketi juu ya trekta akigusa mkono wa kuteremshia, hakuna nafasi ya kujitoa. Haro izibayo ni jambo la usalama wa mfanyakazi kama ilivyo mashine ya kiwandani isiyo na kinga. Na hapo hapo twataka kulitaja jambo la kuwapandisha vijana juu ya haro ili ipate uzito wa kuzama. Uzito hutafutwa kwa mawe, kwa magunia ya mchanga au kwa vyuma vilivyofungwa barabara. Mtu si jiwe.

Iko hasara ya tatu, ambayo haionekani siku ile ile. Mkulima aliyekwisha kusumbuliwa na mabua mwaka mmoja, mwaka wa pili huyatia kiberiti kabla ya trekta kufika. Hatumlaumu; amefanya lile ambalo chombo chake kimemlazimisha kulifanya. Lakini mahindi huacha shambani mabua na majani ambayo uzito wake wakaribia uzito wa punje zenyewe, au wauzidi. Yakichomwa, naitrojeni iliyokuwamo huruka pamoja na moshi, na ardhi hubaki uchi kuingoja mvua ya kwanza ambayo mara nyingi ni kali. Kule tambarare za Kilimanjaro shida hii ni ndogo kidogo, maana mabua huchukuliwa yakapelekwa milimani kulishwa ng'ombe wa zizini. Penye mashamba makubwa na ng'ombe wachache, moto ndio huonekana kuwa dawa.

Kwa hiyo yafaa tuseme wazi ni usafi gani tunaoutaka. Twataka sahani ziwe safi, siyo shamba liwe tupu. Watu wa nyanda za Marekani walijifunza tofauti hiyo kwa uchungu. Walizilima nyanda kuanzia Texas hadi Kansas kwa plau za sahani zilizousaga udongo ukawa unga, wakazika au kuchoma kila bua la ngano, na ukame ulipowajia katika miaka ya 1930, upepo ukauchukua udongo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku katika miji ya huko. Baada ya hapo mafundi wao walishughulika kutengeneza vyombo viwezavyo kupita katikati ya masalia ya mazao, viyakate vipande na kuyaacha mengine juu ya ardhi yaikinge. Haro njema basi ni ile iyapitishayo mabua baina ya sahani zake, isiyoyakusanya kama reki.

Je, haro tuliyo nayo yaweza kufanywa hivyo? Twaamini yaweza, na kwa sehemu kubwa katika karakana zetu wenyewe.

Tuanze na kile kipande kidogo ambacho huwa cha kwanza kupotea. Haro ya sahani hutoka kiwandani ikiwa na vyuma vya kukwangua, kimoja kwa kila sahani, vilivyofungwa kwenye fremu na ncha zao zikielekea ule upande wa sahani uliobonyea. Sahani inapozunguka, udongo ulioganda hukutana na ncha hiyo ukaanguka. Kikwangua kikipindika kwa jiwe, dereva hukifungua akakitupa nyuma ya kiti, na haro ikiuzwa mara ya pili vikwangua vyote vimekwisha kusahauliwa. Mnunuzi mpya hata hajui kwamba vilikuwapo. Lakini katika udongo mweusi wa mfinyanzi, haro isiyo na vikwangua ni gurudumu la matope tu.

Kukitengeneza si kazi ngumu. Bapa la springi kuukuu ya lori lina ugumu na mnyumbuko ufaao. Ncha yake ikatwe kwa kuifuata ile duara ya ubonyeo wa sahani, na tundu la bolti lifanywe refu badala ya duara, ili kikwangua kiweze kusogezwa mbele kila kinapolika. Hapo ndipo mafundi wengi hukosa: hutoboa tundu la duara, na baada ya wiki chache kikwangua kiko mbali na sahani wala hakisogezeki. Nafasi baina ya ncha na sahani na iwe milimita chache. Kikigusa, kitaila sahani na kuifanya nzito kuzunguka, na kikiwa mbali, bua jembamba litapenya na kujibana hapo hapo. Walakini fundi asianze na kikwangua kabla hajazitikisa beringi. Beringi zikilegea, safu nzima huyumba kushoto na kulia, na hakuna kikwangua kiwezacho kukaa mahali pake mbele ya sahani inayocheza.

La pili ni ukali na ukubwa wa sahani. Sahani ya kipenyo cha sentimita 56 ikilika hadi 46, imepoteza sentimita 5 za nafasi iliyo chini ya mhimili, nayo ndiyo njia ya mabua. Tena, sahani ndogo na butu haizami, na dereva akiona haizami hupanua pembe ya safu ili ilazimike kuzama. Pembe ikipanuka, udongo mwingi zaidi husukumwa, trekta huvuta kwa shida, na haro huziba upesi kuliko mwanzo. Mahali penye mabua mengi pembe na ipunguzwe, uzito uongezwe, na makali yanolewe. Kunoa kufanywe kwa upande wa nje wa sahani, ule uliotokeza, kwa jiwe la kusagia na bila haraka. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha kuharibika. Twawasihi pia mafundi wasichonge mapengo kwenye sahani kwa moto wa gesi, kwa kuwa moto huo hulainisha chuma pale pale panapohitaji kuwa pagumu.

Mapengo yenyewe ni jambo jema, yakitoka kiwandani. Sahani yenye mapengo ukingoni hulishika bua na kulibana chini hata likatike, mahali ambapo sahani ya duara kamili ingelitelezesha mbele. Ndiyo sababu haro nyingi hupewa sahani za mapengo safu ya mbele, na za duara kamili safu ya nyuma zisawazishe. Hulika upesi zaidi, hilo ni kweli. Mwenye pesa kidogo basi na anunue za mbele peke yake. Kuhusu nafasi baina ya sahani, haro nyepesi huwa na sentimita 18 hadi 23 hivi, nayo yatosha kwa shamba lililokwisha kupigwa plau. Haro ya kupita juu ya mabua yaliyosimama yahitaji nafasi kubwa zaidi na sahani kubwa zaidi. Huko Ulaya siku hizi wameiacha kabisa mihimili ya pamoja katika haro kadha wa kadha: kila sahani ina mkono wake na beringi yake, mabua hayana kitu cha kujizungushia. Ni fikira nzuri, ingawa beringi nyingi ni gharama nyingi, nasi hatuoni kwamba ndipo pa kuanzia.

Wala jambo la chombo kujisafisha si geni katika dunia. Walowezi wa Illinois walipata taabu hiyo hiyo kwa plau zao za chuma cha kusubu, wakawa wakisimama kila mara kuukwangua udongo ulionata. Mhunzi mmoja, John Deere, mnamo 1837 alitengeneza plau kwa chuma cha pua cha msumeno uliovunjika, akaing'arisha, na udongo ukateleza. Hakuwa na kiwanda, alikuwa na karakana ya kijiji na wateja waliolalamika.

Twamtaja kwa sababu wahunzi na wachomeleaji tunao kila mji. Tunalo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, tangu 1973, na huko Arusha kiko Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981, ambacho kupima zana ni kazi yake. Zana na zipimwe katika udongo wetu. Wale walioanzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walileta mashine bila ya kuijua ardhi yenyewe. Mchanga mgumu uliomo katika udongo wa pale ukayala majembe yao, mizizi ikayapinda, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Mwenye haro ya meno ikokotwayo na ng'ombe hana sahani za kunoa, lakini mabua humsumbua vile vile. Kwake yatosha meno yapangwe yasifuatane mstari mmoja, yalazwe kidogo kwa nyuma ili uchafu uteleze, na kamba ifungwe nyuma ya fremu ya kuinulia haro bila kusimamisha ng'ombe.

Kazi hii na ifanywe sasa, kabla matrekta hayajatoka. Mwenye haro na aizungushe kila sahani kwa mkono, ahesabu vikwangua vilivyosalia, kisha aipeleke kwa fundi. Mabua marefu yafyekwe vipande kwanza, na haro iingie jua likiwa limekwisha kukausha umande, maana bua lenye umande hukunjika badala ya kukatika. Baada ya mita 100 dereva asimame, ateremshe haro chini, azime injini na ashuke kutazama. Na katika sanduku lake la spana awe na fito ya chuma yenye ndoano, ndefu kuliko mkono wa mtu.