Vilima vya Kinyerezi Ndani ya Kompyuta

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na yote ni kweli.

Alikuwepo kijana wa Kimarekani, Ken Perlin. Alishiriki kutengeneza Tron, filamu ya mwaka 1982 iliyosifika kwa picha zake za kompyuta. Watu walishangilia, yeye moyo haukutulia. Vitu vyote vilikuwa vimenyooka na kung'aa mno, havina vumbi wala doa.

Sasa tazameni bonde hili la Kinyerezi. Mkiambiwa mlichore kwa kompyuta, mtafanyaje? Rula haifai. Mkiiacha kompyuta ibahatishe kila nukta, mtapata chenga tupu, kama televisheni iliyokosa mawimbi.

Perlin alipita katikati. Alitandaza miraba, kila kona akaipa mteremko wake wa kubahatisha, halafu kompyuta ikaziunganisha kona hizo polepole. Ikatokea miinuko na mabonde laini. Tena kona ileile hupewa mteremko uleule kila mara, kwa hiyo kilima hakihami ukigeuka. Hiyo ndiyo noizi ya Perlin.

Lakini kilima laini bado si Kinyerezi. Angalieni vizuri: ubavuni mwa kilima kuna korongo lililochimbwa na masika, ndani ya korongo mna vijifereji, na ndani ya kijifereji mchanga umejikunja matuta madogo kabisa. Basi kompyuta nayo hupanga hivyohivyo. Safu ya kwanza ina vilima vya mita 16. Ya pili upana nusu, kimo nusu: mita 8. Halafu 4, halafu 2, halafu 1. Zote hujumlishwa pamoja, na hapo ardhi huanza kufanana na ardhi. Maumbo ya namna hii, yanayojirudia makubwa kwa madogo, Benoit Mandelbrot aliyaita fraktali mwaka 1975.

Ninachokipenda zaidi ni hiki: geuzeni kimo kiwe rangi, na namba zilezile zitatoa mawingu, marumaru, hata doa la unyevu kwenye ukuta usiopigwa lipu.

Perlin alichapisha kazi yake mwaka 1985, na mwaka 1997 wale wanaotoa Oscar wakamtunuku tuzo ya ufundi.

Mkitaka kujaribu wenyewe, programu ya kuchorea ya Blender ni ya bure, na noizi imo ndani yake. Mkiifungua, anzeni na safu moja tu, kisha ongezeni mojamoja mpaka mlione korongo.